Mbio za prosesa, na maksi zilizoongezeka zenyewe

Najua nimepotea, na kuna watu wamenisimamisha hadi kantini wakiniuliza "mbona kimya?" Sikuwa mgonjwa, wala sijadisko (bado!). Kuna jambo nilikuwa nimelimeza halishuki. Leo nalitema, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Kwa wageni: mimi ni binti wa Oloipiri, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Niko hapa UDOM mwaka wa pili, nasomea ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati. Chumbani kwangu kuna kompyuta ya mezani ambayo majirani wameibatiza "bibi". Hadithi ya leo ni ya bibi huyo.

Bibi alitoka Karatu. Baba mdogo alikuwa na intaneti kafee pale, enzi zile watu wanapanga foleni kufungua barua pepe. Simu za mkononi zilipoanza kuingia intaneti, wateja wakapungua mmoja mmoja mpaka akafunga mlango. Mashine nyingine aliziuza, hii ikabaki kwenye boksi. Nilipopata chuo akaniambia, "Mwanangu, hela sina, ila kompyuta ninayo." Basi nilipokuwa nashuka na basi kutoka Loliondo tukaipakia Karatu, imezungushiwa shuka mbili kama mtoto mchanga, mpaka Arusha, kisha Babati, Kondoa, hadi Dodoma. Kila tuta nikawa nashika moyo.

Ndani ina prosesa ya Intel Pentium Dual-Core E5200, ya mwaka 2008, na memori mbili za DDR2-800, GB 2 kila moja. Mazabodi yake inaishia hapo hapo kwenye GB 4. Nikaitoa vumbi, nikabadilisha pesti ya joto juu ya prosesa, nikaweka Linux Mint, ikaamka. Kwa kuchapa kazi na kuandaa maswali inatosha. Lakini si mnajua tena binadamu, ukipewa mkono unataka bega.

Bumu lilikuwa limekwisha mapema, nikaanza kuchapia watu kazi. Mafaili yakawa makubwa, bibi anahema. Nikaanza kusoma habari za kuovakloki, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi zaidi ya ile iliyoandikwa kiwandani. Fundi mmoja wa mjini nilipomuuliza alicheka: "Dada, huo mziki acha tu." Ndiyo kwanza nikapata hamu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo somo lilipo. Kwenye kompyuta za kizazi kile kuna mdundo mmoja wa msingi, kama ngoma moja ambayo kila mtu anacheza kwa kuisikiliza. Kwangu mdundo ni 200 MHz. Prosesa inauchukua inauzidisha mara 12.5, inapata 2,500 MHz, ndiyo ile 2.5 GHz ya kwenye boksi. Memori nayo inausikiliza mdundo uleule, ila ina kizidisho chake. Kwangu kilikuwa 4, na 200 mara 4 ni 800. Ndiyo maana ya DDR2-800. Kila mtu yuko kwenye kiwango chake, amani tele.

Kizidisho cha prosesa hii huwezi kukipandisha, kiwanda kimekifunga. Kilichobaki wazi ni mdundo wenyewe. Basi usiku mmoja nikaingia kwenye BIOS, nikautoa 200 nikauweka 240. Piga hesabu: 240 mara 12.5 ni 3,000. Bibi amefika 3 GHz! Asilimia 20 ya bure, bila kuongeza hata senti ya volteji. Nina kazi moja ya hesabu ambayo huwa naitumia kupima, ilikuwa inachukua sekunde 50, ikashuka hadi 41. Nilicheza peke yangu chumbani, rumi meti akaniuliza kama nimepata mchumba.

Ambacho sikukifikiria ni upande wa pili. Memori nayo inacheza ngoma ileile. Kizidisho chake bado ni 4, na 240 mara 4 ni 960. Kwa hiyo memori za 800 nilizipeleka 960 bila kuzigusa. Nikajiambia si tatizo, mashine imewaka, inafanya kazi, nini tena? Nikaendesha ile programu ya kupima memori, Memtest86+, mzunguko mmoja, saa sita usiku, dirisha wazi, upepo wa Dodoma unapuliza. Hakuna kosa hata moja. Nikafunga mjadala.

Hapo kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu, namwita Jirani kwa sababu block zetu zinatazamana. Alikuwa na utafiti wake wa mwisho. Alikuwa amewapa wanafunzi wa kidato cha pili mtihani wa hisabati, kabla na baada ya kuwafundisha kwa njia fulani, pamoja na dodoso. Jumla makaratasi 180. Akaniomba niyaingize kwenye kompyuta kwa shilingi 200 kwa kila moja. 36,000 wadau, hiyo ni mihogo, maharage na vocha mpaka mwezi uishe. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Makaratasi 60 ya kwanza niliyaingiza kabla sijaovakloki, nikaweka nakala kwenye flashi. Yale 120 nikayaingiza baada ya kupandisha mdundo, mchana, jua la mwezi wa kumi na moja ambalo wa hapa mnalijua. Kila nikimaliza nahifadhi namna mbili: faili la jedwali, na faili la maandishi matupu, kwa sababu programu yake ya takwimu ilikuwa inataka namba zilizotenganishwa kwa mkato.

Siku moja kabla ya kumkabidhi, faili la jedwali likagoma kufunguka. "Faili limeharibika." Jasho likanitoka. Nikafungua lile la maandishi matupu, likafunguka vizuri kabisa, mistari 180, hakuna hata mmoja uliopungua. Nikashukuru Mungu, nikasema namkabidhi hili, yameisha.

Ila kuna kitu kilinikaa kooni. Kwa nini lile jingine limeharibika? Umeme haukukatika. Flashi nzima. Nikaamua kulinganisha faili jipya na ile nakala ya zamani ya makaratasi 60 ya mwanzo. Mistari hiyo 60 sikuwa nimeigusa tangu nilipoihifadhi, kwa hiyo ilipaswa kuwa sawasawa herufi kwa herufi.

Haikuwa. Sehemu tatu zilitofautiana. Palipokuwa na 31 pameandikwa 35. Palipokuwa na 40 pameandikwa 44. Na mwanafunzi mmoja aliyepata 23 sasa amepata 63.

Nilikaa nikizitazama namba hizo. Kwanza nikadhani nimechanganyikiwa. Halafu nikaona: moja imekuwa tano, sifuri imekuwa nne, mbili imekuwa sita. Kila mara tarakimu imeongezeka nne. Vidole vyangu haviwezi kukosea kwa mpangilio wa namna hiyo. Kompyuta inaandika kila tarakimu kwa biti, sifuri na moja, na biti ya tatu kutoka kulia thamani yake ni nne. Biti hiyo ikigeuka toka sifuri kuwa moja, mbili yako inakuwa sita. Programu ikifungua faili inalipakia lote kwenye memori, na ukihifadhi inaliandika lote upya. Kwa hiyo hata mistari niliyoiacha ilipita kwenye memori ile, na ilipotoka haikuwa ileile.

Kesho yake saa nane mchana, dirisha likiwa limefungwa, nikarudia Memtest86+. Haikufika dakika kumi, mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye kioo. Usiku ilifaulu kwa sababu ya baridi, mchana ikaanguka.

Fizikia yake ni hii, na ninaiandika kwa sababu wengi mnaniuliza habari za kuongeza kasi. Memori ikiombwa kitu haijibu papo hapo, inasubiri mapigo kadhaa. Zangu zinasubiri mapigo 5. Kwenye DDR2-800 saa halisi ya memori ni 400 MHz, kwa hiyo mapigo 5 ni nanosekunde 12.5. Nilipoipeleka 960, saa ikawa 480 MHz, na mapigo yaleyale 5 yakawa nanosekunde 10.4. Idadi ya mapigo haijabadilika, lakini muda halisi umepunguzwa. Kila biti mle ndani ni chaji kidogo sana kwenye kapasita ndogo sana, ambayo inavuja na inabidi ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64, na joto linaongeza kuvuja. Ukiisomesha haraka kuliko inavyoweza, kuna mara itasoma vibaya. Na haitapiga kelele. Prosesa ikizidiwa mara nyingi mashine inaganda au inajizima, unajua kuna tatizo. Memori ikizidiwa kidogo tu inakudanganya kwa upole.

Na hilo faili la jedwali lililogoma? Lile ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake kuna namba ya ukaguzi. Likifunguliwa linajihesabu, likikuta hesabu haikubali linakataa. Nililitukana siku ile, kumbe ndilo lililokuwa linasema kweli. Lile la maandishi matupu halina mlinzi getini, kila kinachopita kinapita.

Si mimi wa kwanza. Mwaka 2003 kule Ubelgiji, kwenye uchaguzi uliopigwa kwa kompyuta katika manispaa ya Schaerbeek, mgombea mmoja alionekana na kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko ilivyowezekana. Hapo ndipo wakashtuka. 4,096 ni mbili kipeo cha 12, yaani biti moja tu, na walioichunguza waliona inaelekea biti moja iligeuka yenyewe. Wao waliokolewa na ukubwa wa kosa. Mimi 63 yangu ilikuwa namba ya kawaida kabisa. Nani angeshtuka mtoto akipata 63?

Sasa tuje kwenye kilichokuwa kooni. Jirani hakuwa anajua chochote. Kesho yake alikuwa anakwenda kwa msimamizi wake. Wastani wa wanafunzi 180 usingetikisika kwa namba tatu. Na mimi zile 36,000 nilishapokea nusu na nusu hiyo nilishaila. Nilikaa kitandani nikipiga hesabu nyingine, si ya Fizikia: nikinyamaza, nani atajua?

Kilichonitoa kitandani ni huyo mwenye 23. Mimi nasomea ualimu. Huyo mtoto hakuelewa, na karatasi yake inasema hivyo kwa kalamu yake mwenyewe. Faili langu linasema ameelewa, na tena linampa sifa njia ya kufundishia ambayo haikumsaidia. Kesho kutwa mwalimu mwingine anasoma utafiti huo anasema njia hii inafaa. Na sisi wote tuliosoma shule za mbali tulipangiwa shule kwa namba ambazo kuna mtu tusiyemjua alikaa mahali akazichapa. Nikajiuliza kama yule wa kwangu angekuwa mvivu kama mimi ninavyotaka kuwa usiku huu.

Nikavuka uwanja, nikagonga. Nikamwambia yote, mpaka ya hela. Alinyamaza muda mrefu nikatamani anitukane tu. Halafu akasema, "Lete madodoso."

Tulikaa chumba cha kujisomea, yeye anasoma karatasi kwa sauti, mimi nafuata kwenye kioo. Bibi nilishamrudisha 200, mwendo wa kawaida. Tulimaliza saa tisa usiku. Kwenye yale 120 tulikuta makosa manne zaidi. Mawili yalikuwa ya ongezeko la nne. Mawili mengine, niseme ukweli, yalikuwa vidole vyangu mwenyewe, memori haihusiki. Jirani alicheka kwa mara ya kwanza: "Na hayo nayo ni biti?"

Jumapili nikampigia yeyo simu. Nikajaribu kumweleza kwa Kimaasai, na hebu jaribu wewe kuieleza memori ya kompyuta kwa Kimaasai, uone. Nikamwambia kuna kubwa lenye nguvu na kuna dogo, nikapiga fimbo yote pamoja, kubwa likakimbia vizuri, dogo likaumia. Akaniuliza, "Uliwachunga ng'ombe na ndama pamoja kwa mwendo mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwani ulipokuwa mdogo hukuchunga ndama?"

Nilichunga. Watoto wote wa kwetu tunaanza na ndama, hapa hapa karibu na boma, kwa sababu ndama hawezi mwendo wa kundi kubwa. Na jioni baba alikuwa anasimama kwenye mlango wa boma mifugo ikiingia. Hakuwa anahesabu moja mbili tatu. Alikuwa anatazama tu, rangi na madoa, kisha anasema, "Yule mwenye doa jeupe shingoni hayupo." Kila jioni, hata siku ambayo hakuna aliyepotea. Mimi kompyuta yangu haikuwa na mtu wa kusimama mlangoni. Kompyuta kubwa za kuhifadhia data hutumia memori maalumu zenye biti za ziada za kukagua, zinazoweza kurekebisha biti moja iliyogeuka. Bibi hana anasa hiyo. Kwa hiyo mlangoni inabidi nisimame mwenyewe.

Je, nimeacha kuovakloki? Hapana jamani, msinicheke. Nimerudi 240, lakini safari hii kwa adabu. Kwenye BIOS nimeshusha kizidisho cha memori kutoka 4 hadi 3.33. Piga hesabu: 240 mara 3.33 ni 800. Prosesa iko 3 GHz, memori imerudi kwenye kiwango chake na muda wake wa nanosekunde 12.5. Nimeendesha Memtest86+ kuanzia saa tano asubuhi mpaka jioni, dirisha limefungwa makusudi, mizunguko minne, hakuna mstari mwekundu.

Na kinachouma zaidi ni hiki: ile kazi yangu ya kupimia sasa inachukua sekunde 42. Ilikuwa 41. Yaani vurugu yote ile ilikuwa inaniletea sekunde moja! Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Kwenye mashine hizi, njia ya kutoka memori hadi kwenye prosesa ni moja, na kwa mdundo wa 240 inapitisha kama GB 7.7 kwa sekunde. Memori mbili za 800 zikifanya kazi sambamba zinaweza kutoa GB 12.8. Tayari zinatoa zaidi ya kinachoweza kupita. Ni daraja la gari moja, na mimi nilikuwa nahangaika kuongeza magari kwenye foleni.

Rafiki yangu mmoja wa kompyuta aliniambia nipande mpaka 266 na kizidisho cha memori 3, memori inabaki 800 na prosesa inafika 3.33 GHz. Hesabu yake ni sahihi. Lakini huko pengine itabidi niongeze volteji, na umeme unaoliwa unapanda kwa kipeo cha pili cha volteji, na feni yangu ni ileile ya kafee ya Karatu. Nimemwambia asante kaka, hapa nilipo panatosha.

Kwa hiyo wale mnaotaka kujaribu: kabla hujagusa mdundo, shusha kizidisho cha memori kwanza, ili ukipandisha isizidi kiwango chake. Panda kidogo kidogo. Pima mchana wa jua, siyo usiku. Na kazi ya mtu mwingine usiifanyie kwenye mashine ambayo hujaipima.

Jirani alipeleka utafiti wake siku mbili baadaye, akamweleza msimamizi kwamba alikuwa anahakiki data. Zile 18,000 nilizokuwa nimekula nilimwambia nitazirudisha bumu likitoka. Akasema tusamehane, nikakataa, tukabishana pale nje mpaka mlinzi akatutazama vibaya, mwisho tukakubaliana nimrudishie nusu. Bado namdai samahani, ila hiyo ameshanipa.

Haya wadau, saa saba usiku hii na nina kipindi saa moja asubuhi. Rumi meti analalamika feni ya bibi inamnyima usingizi. Nimzime, tulale.